Usiipige spray kwanza: rangi ya 1977 bado ipo

Najua nimekaa kimya zaidi ya mwezi, na najua niliahidi sehemu ya pili ya yale mambo ya hifadhidata. Itakuja, msijali. Sababu ya kimya ni kwamba wikiendi tano mfululizo sikuwa mbele ya kompyuta. Nilikuwa nyumbani kwetu, upande wa Othaya, nikisugua pikapu. Hata ninapoandika haya kucha zangu ni za buluu, na juzi mwenzangu kazini aliniuliza kama nimeanza kupaka nyumba rangi ili kujazia mshahara.

Pikapu yenyewe ni Peugeot 404 ya 1977. Kwetu hakuna anayelitamka jina hilo kama Wafaransa; ni Pijo, basi. Gia iko kwenye usukani, namba ya usajili ni ile ya zamani ya herufi tatu na tarakimu tatu, isiyo na herufi ya mwisho, na kiti ni kimoja kirefu ambacho tulikuwa tunabanana watoto wanne. Guka (ndivyo sisi tunavyomwita babu) aliinunua ule mwaka wa kahawa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikaanza kupanda, na ilipofika 1977 ilikuwa kileleni. Wakulima wa kwetu waliokuwa wakipeleka kahawa kiwandani mgongoni wakajikuta wana pesa. Wengine walijenga nyumba za mabati, wengine wakanunua ng'ombe wa gredi. Guka alinunua Pijo, akaanza kubeba kabeji na viazi kupeleka Karatina, na siku nyingine hadi Nairobi.

Kwa nini Pijo na si gari lingine? Kila mzee wa rika lake atakujibu kwa neno moja: Safari. 404 ilishinda mbio za East African Safari mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968. Nick Nowicki alishinda ya kwanza na ya mwisho kati ya hizo, na katika kila moja ya miaka hiyo miwili ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Zile mbili za katikati alizishinda Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania. Tangazo gani la biashara linashinda hilo? Kama gari lilivuka matope yale likiwa mbele, litavuka matope ya kijiji chetu likiwa na kabeji.

Guka alifariki 2009. Tangu hapo pikapu imekuwa ikitembea mara moja moja, muda mwingi ikilala nje kando ya zizi, juani na mvuani. Injini inawaka. Rangi ndiyo iliyoisha, au ndivyo sote tulivyodhani. Buluu ilikuwa imepauka mpaka ikafanana na ubao wa shule ambao haujafutwa vizuri. Ukipitisha mkono juu ya boneti unatoka na unga.

Sasa, mwezi wa nane cucu anatimiza miaka 90 na kuna sherehe. Baba akaamua pikapu ipigwe spray. Nyeupe, tena ile inayometameta. Alikuwa ameshaenda kwa fundi wa rangi Nyeri mjini na kupewa bei: elfu themanini, pamoja na kukwangua yote mpaka kwenye bati. Alinipigia ili nichange nusu.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kwetu kwa wale wasiolijua. Mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake. Mimi nina jina la guka. Kwa hiyo cucu huniita mzee wake, kwa utani ambao si utani sana, na baba yangu mzazi akitaka kunibembeleza huniita "baba". Siku hiyo kwenye simu nilikuwa baba mwanzo mpaka mwisho. "Baba, elfu arobaini tu. Gari la jina lako hilo."

Nikamwomba anipe wikiendi nne kwanza. Nikishindwa, nitachanga zote themanini.

Mnaofanya kazi hii yetu mnajua kilichokuwa kichwani mwangu. Kila programu ya zamani hufika siku ambapo mtu mpya anaingia, anaangalia msimbo wake na kusema: takataka, tuandike upya. Mwaka 2000 Joel Spolsky aliandika makala maarufu kuhusu kosa hilo, akitoa mfano wa Netscape. Toleo lao la 4 lilitoka 1997, kisha wakaamua kutupa vya zamani na kuanza upya, na toleo lililofuata, la 6, likatoka Novemba 2000. Katika miaka hiyo mitatu Internet Explorer ilikuwa imekula soko lote. Hoja yake ilikuwa kwamba ile mistari michafu ya zamani ina masahihisho ya miaka mingi ndani yake, na ukiitupa unatupa pia yale usiyojua kwamba unayajua.

Nilipokuwa mwanafunzi pale Dedan Kimathi niliisoma makala hiyo kama mtu anayesoma methali. Miaka michache kazini imenifundisha kuwa kuna programu ambazo kweli zinastahili kutupwa. Na mfano wenyewe una kasoro ukiupeleka kwenye gari: rangi haina Git. Ukikosea kwenye msimbo unarudi toleo la jana. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa, hakuna jana.

Kwa hiyo kwanza nilitaka kujua kilichopo. Kuna jaribio rahisi sana ambalo yeyote mwenye gari la zamani anaweza kulifanya leo. Chukua kitambaa cheupe, weka polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana, mimi nilisugua chini ya mlango wa nyuma. Kitambaa kikigeuka rangi ya gari, una rangi ya tabaka moja. Kikibaki cheupe au kikiwa na uchafu tu wa kijivu, juu ya rangi kuna klia, yaani lile tabaka lisilo na rangi ambalo magari ya siku hizi karibu yote yanalo. Cha kwangu kilitoka buluu kama wino.

Hiyo ni habari njema. Klia ikishaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka, hakuna dawa isipokuwa spray. Lakini rangi ya tabaka moja ni rangi ileile kuanzia juu hadi chini. Kinachotokea ni kwamba mwanga mkali wa jua, ule usioonekana, pamoja na hewa ya oksijeni, huvunjavunja gundi iliyoshikilia chembe za rangi. Gundi ya juu ikiisha, chembe zinabaki kama unga, na huo unga ndio unaotawanya mwanga na kufanya buluu ionekane nyeupe. Chini ya unga, rangi ya 1977 imekaa. Imelindwa na maiti zake yenyewe, kama ninaweza kusema hivyo.

Na sisi jua letu halina mchezo. Watu huona ukungu na baridi ya Nyeri wakadhani ni nchi ya kivuli. Mji uko karibu mita 1,750 juu ya bahari, na ukipanda hadi Nanyuki unasimama juu ya mstari wa ikweta wenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema mwanga huo mkali huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Gari la Nyeri linapigwa kuliko la Mombasa, ingawa la Mombasa linaliwa na chumvi.

Haya, kazi yenyewe. Nitaieleza kwa kifupi maana hatua zake ni chache, shida ni subira.

Kuosha, tena kivulini. Kisha udongo laini maalum, unaofanana na ule wa watoto wa kuchezea, unaoteleza juu ya rangi iliyolowa maji ya sabuni na kung'oa vitu vilivyonasa, utomvu, lami, vinyesi vya ndege. Kwenye paa la hii pikapu udongo uligeuka rangi ya chai kwa dakika mbili. Halafu ndipo mafuta. Wapenda magari ya zamani kule Marekani wanasifu sana Meguiar's No. 7, nami niliagiza chupa mbili kupitia jamaa mmoja wa Nairobi anayeleta bidhaa. Unayamwaga mengi, unayasugua kwa taulo la pamba lenye kukwaruza kidogo, unayaacha usiku kucha, asubuhi unafuta na kurudia.

Watasema rangi "inakunywa" mafuta na kufufuka. Mimi sikubaliani na lugha hiyo. Gundi iliyovunjika haiungani tena. Nadhani kinachotokea ni kile unachokiona ukiokota jiwe mtoni: likiwa kavu ni la kijivu, likilowa lina rangi zote. Mafuta yanajaza vijitundu, mwanga unapita badala ya kutawanyika. Taulo nalo linaondoa unga taratibu, kwa upole ambao mashine haina. Lakini jamani, hata ukijua maelezo, ile asubuhi ya kwanza nilipofuta paa nilisimama tu. Kulikuwa na buluu pale ambayo sikuwahi kuiona maishani mwangu. Nimelijua gari hili tangu nizaliwe, na sikuwahi kujua rangi yake.

Baada ya mafuta ni polishi laini sana, kisha nta ya carnauba ya kuziba. Nta hiyo hutoka kwenye majani ya mnazi fulani wa Brazil. Nilicheka peke yangu nilipokumbuka. Baridi ya Brazil ndiyo iliyolinunua gari, na jani la Brazil ndilo linalolilinda.

Sasa kosa langu, maana nisipolisema baba atalisema. Wikiendi ya tatu nilichoka na mkono, nikaazima mashine ya kupolishi. Boneti ya 404 ina mikunjo. Rangi ikiwa mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha kali, kwa hiyo mikunjoni huwa nyembamba kuliko kwingine, jambo ambalo nilikuwa nimelisoma, nikalikariri, na nikalisahau kwa sekunde mbili. Nilisikia harufu kabla sijaona. Nilipozima mashine kulikuwa na doa la kijivu, la praima, ukubwa wa sarafu ya shilingi. Miaka karibu hamsini ya jua haikufika pale. Mimi nilifika kwa sekunde mbili.

Sikumwambia mtu mpaka jioni. Baba alikuja na kikombe cha chai, akaliona mara moja, akasema, "Si ulisema rangi ipo?" Nikasema ilikuwepo. Hakucheka.

Baada ya hapo niliazima kitu kingine kwa rafiki anayenunua magari ya mtumba: kipimo cha unene wa rangi. Ni kidude kidogo kama simu ya zamani, unakigusisha kwenye bodi na kinakwambia kuna umbali gani hadi kwenye chuma, kwa maikroni. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani ni kama 70. Kipimo hakijui rangi ni ipi na praima ni ipi, kinakupa jumla tu. Paa lilisoma 95, boneti 88 pale nilipokuwa sijaharibu, mlango wa kulia 102. Mlango wa kushoto: 410. Nikadhani kimeharibika. Kumbe ni yule ng'ombe wa 1991, njia ya Karatina, ambaye kila mtu nyumbani anamkumbuka. Mlango ulinyooshwa, ukajazwa pati na kupigwa spray ya buluu iliyokaribiana, na sisi tukaishi nao miaka yote hiyo tukidhani milango inafanana. Niliposugua, kitambaa kilitoka buluu ya kijani kidogo. Ni kama kufungua faili na kugundua nusu yake iliandikwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo mlango wa asili ni mmoja tu, wa kulia, wa dereva. Na huu ndio niliokuwa nimeuacha wa mwisho, kwa sababu una maandishi.

Kenya gari la biashara huandikwa mlangoni: jina la mwenye gari, sanduku lake la posta, na uzito wa gari likiwa tupu. Guka aliandikiwa na mchoraji wa mabango, kwa mkono, herufi nyeupe zenye kivuli chekundu. Jina lake, yaani langu. Chini yake Box na Othaya. Chini kabisa T.W. na kilo zake. Zilikuwa zimefifia lakini zilisomeka. Mbele ya jina kulikuwa na nafasi wazi, na nafasi hiyo siku zote ilikuwa imepauka zaidi, kama pamefutwa futwa. Nilijua ni pale guka alipokuwa akiegemeza kiwiko. Sijui nani aliniambia hivyo. Labda nilijiambia mwenyewe.

Nilizunguka herufi kwa uangalifu kwa kidole na kitambaa, bila mashine. Nikapaka mafuta mlango mzima, nikaenda kulala. Ilikuwa Jumapili alfajiri nilipofuta. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na mwanga ulikuwa unaingia kwa pembeni, ule mwanga mzuri wa kuona makosa. Mbele ya jina la guka, katika ile nafasi wazi, palikuwa na maandishi mengine. Hayakuwa meupe. Yalikuwa buluu juu ya buluu, buluu nzito yenye kung'aa ndani ya buluu iliyochoka: & BROS.

Yaani na ndugu zake. Mabango ya miaka ile yote yaliandikwa hivyo, ukitembea Nyeri mjini utayaona hata leo juu ya maduka.

Jinsi inavyotokea si muujiza. Rangi nyeupe ya herufi ilikuwa kofia. Miaka yote ambayo herufi zilikuwepo, jua liliunguza mlango mzima isipokuwa chini yake. Mtu alipozifuta kwa thina, rangi ya kiwandani haikutoka, kwa sababu ile imeokwa kwenye tanuri na ni ngumu kuliko ya mchoraji iliyokauka kwa hewa. Unga ulifunika kila kitu, na mimi nilikuwa nimetoka kuuondoa unga. Nikaleta kipimo. Kando ya herufi: 102. Juu ya herufi: 109. Kama ukikiamini kidude cha bei rahisi, hayo maneno yana unene wa maikroni 7.

Nikaita baba. Alikuja na gumboots, kutoka kukamua. Akasoma. Hakuuliza ni nini.

"Hiyo inatoka?" akauliza.

Nikamwambia inatoka. Mashine mara mbili, tatu, mlango utakuwa sawasawa na hakuna atakayejua.

"Basi itoe, baba."

Kisha akarudi kwa ng'ombe.

Niseme ukweli, nilichukua mashine. Nilichomeka waya. Nimefanya kazi ya kuagizwa miaka kadhaa sasa, mteja akisema futa safu hii kwenye jedwali, nafuta. Lakini huwa nauliza mara moja: kuna nakala? Nikaenda jikoni kwa cucu.

Cucu anatembea kwa fimbo, polepole, na hakutaka kushikwa mkono. Alifika mlangoni mwa gari akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Akapitisha kidole juu ya & BROS, herufi moja moja. Kidole kilikuja na mafuta ya buluu, akakifuta kwenye leso.

"Nusu ya kahawa iliyonunua hili gari ilikuwa ya ndugu yake," akasema. "Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nachuma mashamba yote mawili."

Mengine niliyapata vipande vipande siku hiyo, na wikiendi iliyofuata. Kulikuwa na ndugu mdogo wa guka. Nilijua yupo, nilijua ukoo wake uko Naro Moru, nilijua hatutembeleani. Kila familia ina upande usiotembelewa na mtoto hujifunza kutouliza. Kilichowatenganisha ni hili gari. Mwaka 1984 mvua haikunyesha. Wenye umri wanaukumbuka kwa mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka nje. Ndugu mdogo alitaka pikapu kwa siku mbili apeleke chakula kwa wakwe zake kule Naro Moru. Guka alikuwa ameshaikodisha kwa mfanyabiashara, pesa ameshakula. Wakarushiana maneno. Ndugu akasema basi nipe nusu yangu ya gari. Guka akasema chukua mlango. Ni cucu aliyenieleza hivyo, na aliposema "chukua mlango" alitoa sauti ya guka, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto.

Usiku uleule guka alitoka na chupa ya thina na kitambaa. Cucu alimshikia taa.

"Nilimwambia haitoki," akasema. "Akaniambia imetoka."

Nikamuuliza: cucu, nifanyeje? Baba anasema niitoe. Akaniangalia kama anavyoniangalia ninapokuwa mzee wake, si mjukuu wake.

"Jina lililo hapo si lako? Mimi naulizwa nini?"

Akarudi jikoni.

Nikachomoa waya. Nilimaliza mlango kwa mkono, kitambaa tu na nta, nikizunguka herufi za juu na kupita taratibu juu ya zile za chini. Nta kwa bahati mbaya, au nzuri, inazifanya zionekane zaidi. Ukisimama mbele ya gari huoni kitu. Ukija kwa pembeni jua likiwa chini, unasoma jina langu na ndugu zangu.

Jioni baba aliona. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja zote, nimepanga hadi suala la elfu themanini, nilikuwa tayari kumlipia spray ya nyumba nzima. Alizunguka gari. Aligusa doa langu la boneti kwa kidole gumba. Alifungua mlango wa dereva, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akauliza kama tairi zina upepo.

Jumanne nikiwa Nairobi mama akanipigia kusema baba ametoka na pikapu tangu asubuhi na hakusema anakokwenda, na simu ameiacha mezani. Gari hilo halikuwa limevuka Nyeri mjini kwa miaka. Nilishinda nikifanya kazi ya mtu asiyefanya kazi. Saa mbili usiku ndipo akanipigia mwenyewe. Alikuwa amerudi, na nyuma kulikuwa na gunia mbili za viazi ambazo hakununua.

Hakunieleza alikuwa na nani wala walizungumza nini. Alisema amepita Kiganjo, amepita Chaka, na mvua ilimkuta kabla ya Naro Moru.

"Hiyo nta yako," akasema. "Maji yalikuwa yanaviringika kama shanga. Umebakiza?"

Nimebakiza nusu kopo. Jumamosi naenda kumalizia mlango wa nyuma, na ile sehemu ya pili ya hifadhidata itangoja kidogo.